Tumbo la Kiganja

Mteja alifumbua jicho moja, povu limemfunika kidevu chote, akauliza, "Fundi, nani huyo ananigonga bega?"

Kiganja alirudi nyuma nusu hatua, akajifanya anafuta wembe kwenye kitambaa. Hakukuwa na mtu wa kumgonga mteja bega. Ni tumbo lake. Lilikuwa likizunguka lenyewe chini ya koti jeupe la kazi, likisukuma mbele, likijivuta kushoto, likirudi kulia, kama mtu anayejigeuza ndani ya gunia akitafuta pa kutokea. Kiganja mwenyewe alikuwa amesimama wima. Mikono imetulia, miguu imetulia. Tumbo tu ndilo lililokuwa na safari zake.

"Samahani, mzee wangu. Nilikuegemea."

"Kuegemewa nakujua. Mbona nakandwa?"

Kinyozi wa kiti cha pili, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hazimiki, akadakia: "Hiyo huduma mpya, mzee. Ndevu unalipia, bega ni nyongeza."

Duka zima likacheka. Kiganja naye akacheka, kicheko cha kuazima, kisha akasogea tena kumaliza kazi. Angefanya nini? Kunyoa ndevu kwa wembe wa mkono hakufanyiki kwa mbali. Kinyozi huliegemeza tumbo lake kwenye bega la mteja ili kichwa kisiyumbe, halafu mkono mmoja unavuta ngozi, mwingine unapita. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyopata jina, maana watu walisema kiganja chake kikipita shavuni hukisikii, unasikia ubaridi tu baadaye. Alisogea, tumbo likafika kabla yake, likampiga mteja kumbo.

Mzee yule akainuka na shuka yake shingoni. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Lakini hapo ndani pana kitu, na mimi koo langu ni moja." Akahama na povu lake mpaka kiti cha Redio, akakaa, akafumba macho.

*

Nyumbani mkewe alikuwa sakafuni, amezungukwa na mashati ya sare za shule, anashona vifungo. Kiwanda kilimletea mashati yasiyo na vifungo na kuyachukua yakiwa navyo. Maisha yake yote yalikuwa katikati hapo. Alimtazama mumewe mara moja tu akajua.

"Limekuaibisha tena."

"Mteja amehama na povu usoni. Umewahi kuona mtu anahama kinyozi katikati ya ndevu?"

"Vua shati nilione."

Akavua. Walilitazama wote wawili kama wazazi wanaotazama mtoto mtukutu. Kitovu kilikuwa kikizungushwa taratibu, kikipanda, kikishuka. Hapakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililowachanganya zaidi. Kidonda kina usaha, homa ina joto, lakini hili halikuwa na chochote cha kushika. Zahanati iliwapa dawa ya minyoo. Minyoo haikutoka na tumbo halikusimama. Kliniki ya barabarani ilisema ni gesi. Jirani mmoja alisema kuna kiumbe kinakua, na tangu siku hiyo alimsalimia Kiganja akimtazama kiunoni.

"Ulimeza vidonge vingapi asubuhi?" mkewe aliuliza.

"Viwili."

"Basi meza cha tatu. Si unaona mwenyewe, ukimeza linapungua?"

Vidonge hivyo vilikuwa na heshima yake nyumbani. Mama mkwe, wakati wa ugonjwa wake wa mwisho, alipewa vidonge hivyo hospitalini ili asitapike. Alipomwona mkwewe akisumbuliwa na kichefuchefu kila asubuhi, alikivunja kidonge chake mwenyewe kwa meno, akampa nusu. Nani anakataa kitu kilichotoka mkononi mwa mkwe, tena mkwe mgonjwa? Kiganja alimeza, kichefuchefu kikakoma. Mama alipozikwa, vilivyobaki vikawa vyake. Vilipokwisha, mkewe alipeleka ganda tupu duka la dawa, akapewa vingine kama hivyo bila swali. Sasa ulikuwa mwaka wa pili na zaidi. Tumbo lilipoanza kucheza, kwa akili ya kawaida kabisa, wakaongeza.

Kiganja alimeza cha tatu. Wakasubiri. Baada ya muda tumbo likapunguza mwendo, likawa linatikisika tu.

"Umeona?" mkewe akasema, akavuta shati jingine. "Mama hakutuacha hivi hivi."

*

Mwenye duka, ambaye vinyozi walimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilikuwa vimeinama visigino, alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mbele ya kioo akawa anaongea na Kiganja aliye ndani ya kioo.

"Mimi sina neno na tumbo lako. Neno ninalo na kiti changu. Kiti kinakaa wazi, watu wanabanana kwa Redio."

"Nitapona, Tajiri."

"Utapona nini? Ugonjwa gani?"

Mtu anaweza kutetea kosa lake, anaweza kutetea hata uvivu, lakini atatetea vipi kitu asichojua jina lake?

"Hujui," Tajiri akamalizia. "Basi nenda hospitali kubwa, siyo hizi za uchochoroni. Nina safari. Nikirudi nitakaa kwenye kiti hicho mwenyewe, uninyoe. Likinigusa, sina la kusema zaidi."

"Atakunyoa na kukubembeleza, Tajiri," Redio alisema.

"Wewe nyoa."

*

Hospitali kubwa iliwazungusha yeye na mkewe kabla ya kuwapokea. Dirisha hili liliwatuma dirisha lile, na lile likawarudisha kwenye hili kwa sababu ya muhuri. Daktari wa kwanza alilitazama tumbo, akautazama uso, akauliza kama nyumbani kuna ugomvi.

"Upo," mkewe akasema. "Umeletwa na tumbo hili."

Daktari akasema ni wasiwasi, mgonjwa apumzike. Apumzikie wapi, na wakati huo nani ale nini, hakusema. Mkewe hakuondoka mlangoni. Alisema ataondoka mtu atakapomwambia wasiwasi huo unafanyaje kazi hata mumewe anapocheka. Labda kwa kuchoka naye, wakatumwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Huyo alilitazama tumbo kwa muda mrefu bila kugusa, kisha akatoka mbio, akarudi na wanafunzi.

Walimzunguka kitandani. Mmoja alijiziba mdomo. Mwingine akatoa simu.

"Usinipige picha," Kiganja alisema, bado amelala chali. "Mimi siyo maonyesho."

Daktari akaitwaa ile simu, akaitia mfukoni mwa koti lake. "Nisamehe, baba. Nimewaita kwa sababu kitu hiki nimekisoma tu, sijawahi kukiona. Na wao huenda wasikione tena."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema kitu hiki kimeandikwa mahali. Kiganja aligeuka kumtafuta mkewe kwa macho.

Daktari akamwambia azuie pumzi. Akazuia, tumbo likaendelea. Akamwambia agonge kitanda kwa kidole, pole pole, kisha haraka, kisha pole pole. Kidole kilifuata, tumbo likaendelea na mwendo wake.

"Mnaona?" daktari akawaambia wanafunzi. "Lingekuwa la wasiwasi, au angekuwa analichezesha mwenyewe, mara nyingi lingefuata kidole au lingesita. Hili halimsikilizi mtu." Akampaka mafuta baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi, akawaonyesha kwenye kioo ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, jinsi ulivyokuwa ukirukaruka bila kuulizwa. Akauliza maswali. Amewahi kupasuliwa tumbo? Hapana. Kuanguka? Kuumia mgongo? Hapana. Usiku akilala? Mkewe akajibu: akilala usingizi mzito linatulia. Picha ya uti wa mgongo ilipigwa, wakauza cherehani ya mkewe ili ipigwe, ikatoka safi. Daktari akafurahi. Wao hawakuelewa mtu anafurahije kuona hakuna kitu.

"Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa," Kiganja alisema kwa fahari kidogo.

"Na ile ya mama?" mkewe akamkumbusha.

"Ile siyo dawa. Ile ni ya asubuhi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ipi ya asubuhi?"

Mkewe akatoa ganda kwenye pochi. Daktari alilisoma mbele, akaligeuza nyuma, akauliza tangu lini. Walipomwambia, alivuta kiti, akakaa karibu nao kama ndugu aliyeleta habari.

"Dawa hii inazuia kutapika kwa kufanya kazi kichwani, siyo tumboni. Ni ya siku chache. Ikimezwa muda mrefu, inaweza kuvuruga amri ambazo ubongo unaipa misuli. Wengine huchezwa na mdomo, wengine ulimi. Wewe, nadhani, tumbo. Nasema nadhani. Siwezi kukuapia."

"Lakini akimeza linapungua," mkewe alisema.

"Ndiyo. Na hapo ndipo pabaya. Dawa inaficha ubaya wake yenyewe. Akiacha, kwanza litazidi. Litazidi sana. Msirudi kwenye kidonge."

"Na baadaye litaacha?"

"Kwa wengine huacha, baada ya wiki, baada ya miezi. Kwa wengine..." Daktari akainua mabega. "Akiendelea kumeza, ndiyo najua halitaacha."

Walipokaribia nyumbani mkewe alipunguza mwendo. "Mama yangu alimeza hivyo hivyo mpaka mwisho," alisema. "Tumbo lake halikucheza hata siku moja."

"Sijasema kitu juu ya mama."

"Hujasema. Unatembea kama uliyesema."

*

Daktari hakudanganya. Kiganja alipoacha, tumbo lilipandwa na wazimu. Lilimzuia kula, lilimkata maneno katikati, likawa linamtikisa mpaka kitanda kinalia na jirani wa ukuta wa pili anagonga. Akikaa, meza ilisogea. Siku ambayo chakula kilimrudi puani, mkewe alisimama, akaleta kidonge na glasi ya maji.

"Yule daktari ni mtoto," alisema. "Kakiri mwenyewe hajawahi kuona. Meza."

"Amesema tusirudi."

"Amesema nadhani. Mimi siui mume kwa nadhani ya mtu. Meza, baba watoto."

Akameza. Walikaa ukingoni mwa kitanda. Haikuchukua muda tumbo likalegea, likapunga mara moja, mara mbili, likanyamaza. Kiganja alicheka kwa furaha mpaka machozi. Aligeuka amwambie mkewe kwamba alikuwa na haki, na mama alikuwa na haki, na hospitali nzima ni wajinga. Akamkuta analililia lile tumbo lililotulia, mkono juu yake.

"Nini tena? Si limeacha?"

"Limetii," mkewe alisema. "Limetii haraka mno. Kidonge kimoja tu, na limelala kama mbwa aliyemwona bwana wake."

"Sasa?"

"Sasa nimejua bwana wake ni nani."

Ndipo wakabadilishana upande bila kukubaliana. Aliyekuwa akiitetea dawa sasa aliichukua yote, akaimwaga chooni, akaosha mikono. Aliyekuwa akimtetea daktari alisimama mlangoni mwa choo akiuliza kwa hasira ni haki gani hiyo, kwamba Tajiri anarudi kesho kutwa, kwamba kidonge kimoja, kimoja tu asubuhi ile, kingeokoa kiti, na baada ya hapo angeacha kabisa.

"Baada ya hapo kutakuwa na mteja wa Jumatatu," mkewe alisema. "Na wa Jumanne. Utaacha lini, siku ambayo hakuna anayeota ndevu?"

"Mama yako ndiye aliyenipa."

Neno lilishatoka. Mkewe alilipokea bila kupepesa.

"Ndiyo," alisema. "Alikupa kwa sababu alikupenda. Na kimekuvuruga. Yote mawili. Mimi nimejaribu kulitoa moja limenishinda."

*

Asubuhi ya kunyoa, Kiganja alitoka mapema kuliko kawaida, amejifunga tumbo kwa kitambaa mizunguko kadhaa, na badala ya kunyoosha kwenda kazini akakata kona kwenda duka la dawa. Lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Alishika kaunta kwa mikono miwili ili mwili usitikisike.

"Naomba vile vya kichefuchefu. Kimoja kinatosha."

Muuza dawa, mama mnene aliyewauzia muda wote huo bila kuuliza, hakumtazama. Alikuwa anafuta vumbi mahali pasipo na vumbi. "Sina."

"Naviona hapo nyuma yako."

"Hivyo siyo vyako. Mkeo alipita jana. Ameniambia nikikuuzia hata robo, analeta kitanda chake, analala hapa mlangoni, anamsimulia kila mteja." Akashusha sauti. "Na mimi nina biashara, kaka. Nenda tu kazini."

Kiganja aliachia kaunta, akageuka. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza, na foleni yote ilikuwa ikitazama shati lake linavyopanda na kushuka. Ajabu ni kwamba hakujua kama anataka kumpiga mkewe au kumpigia magoti. Akaondoka.

Tajiri alikuwa ameshakaa kwenye kiti, kichwa nyuma, macho yamefumbwa. Dereva wa lori mmoja, mtu mpana mwenye macho mekundu ya safari, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kutangaza.

Kiganja alipaka povu. Akachukua wembe. Halafu akafanya jambo ambalo hakulipanga: akakifungua kile kitambaa kiunoni, akakikunja, akakiweka rafuni, maana kilikuwa kinamkaba na kinyozi aliyekabwa pumzi hukata watu. Akasogea. Tumbo likalala begani kwa Tajiri, likaanza kazi yake.

Tajiri alifumbua macho. "Ndilo hilo?"

"Ndilo. Siyo minyoo, Tajiri, na siyo kiumbe. Ni dawa ya kuzuia kutapika, niliimeza muda mrefu ikanivuruga kichwani, amri zinakuja tumboni mbovu. Nimeacha. Huenda likakoma, huenda lisikome. Mikono haijaguswa. Usiongee sasa, nafika kooni."

Alisema kwa sauti ya duka zima. Wembe ulipita chini ya taya, ukapanda, ukazunguka kishimo cha kidevu. Alipomaliza alimfuta, akampaka mafuta, akageuza kiti kuelekea kioo.

Tajiri alijipapasa mashavu yote mawili, akajipapasa koo. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Safi," alisema. "Safi kuliko siku zote." Akainuka, akajikung'uta nywele. "Kiti nimeshampa mtu mwingine, Kiganja. Tangu juzi. Anaanza leo mchana. Nilidhani utakuja umepona, ningemwambia asije. Nimekaa tu kwa sababu nilisema nitakaa."

Kiganja alikunja koti lake la kazi. Lilikuwa la duka, hivyo akaliacha. Wembe, brashi na jiwe la kunolea vilikuwa vyake. Redio alimsaidia kuvifunga, akashindwa kufunga fundo, akajaribu tena.

"Sasa mimi ananinyoa nani?" dereva wa lori aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Redio yupo," Tajiri alisema.

"Huyo ananiongelesha. Mimi sijalala tangu mpakani." Dereva akasimama, akamtazama Kiganja. "Nyumbani kwako kuna kiti?"

*

Kiti kilikuwa kile cha jikoni, hakina pa kuegemeza kichwa. Mkewe alipomwona mumewe anaingia na furushi la vifaa na mwanamume mgeni, alielewa nusu, akasogeza mashati, akaenda kuchemsha maji. Hakuuliza juu ya duka la dawa, naye Kiganja hakusema. Alikuwa bado hajui ni neno gani lingekuja kwanza.

"Kaka, kabla sijaanza," Kiganja alisema, "nitakuegemea, na tumbo litakusukuma. Siwezi kulizuia."

"Nimeona. Gari langu linanisukuma zaidi."

Kwa kuwa kiti hakikuwa na mgongo wa kutosha, ilibidi kichwa cha dereva kilale kabisa kifuani kwa kinyozi, na bega lote likae juu ya tumbo. Tumbo likapokea. Likaenda, likarudi, likaenda, likarudi. Kiganja alinyoa shavu la kwanza. Alipohamia la pili alihisi kichwa kimekuwa kizito mikononi mwake, akasimamisha wembe, akainama kusikiliza.

Mkewe alikuja na beseni la maji ya moto. Alitazama uso wa mgeni, mdomo uliokuwa wazi kidogo, povu linalopanda na kushuka kwa pumzi ndefu.

"Amelala?" alinong'ona.

"Amelala."

"Mwamshe basi, umalizie."

Kiganja aliteremsha macho akalitazama tumbo lake likimbembeleza yule mtu mzima. Leo lilikuwa limepungua kuliko jana, au lilikuwa vile vile na yeye ndiye aliyechoka kulipima. Hakuweza kujua, wala mkewe, aliyekuwa akilitazama pia, hakuweza.

"Mwache kidogo," alisema. "Maji yakipoa utachemsha mengine."